Ndoana ya Ishirini na Nne

Kitu cha kwanza nilichokiona kwake ni midomo. Ilikuwa ikicheza bila sauti, kama ya mtu anayesali harakaharaka, huku macho yake yakitembea juu ya meza yangu. Nilikuwa na siku tatu kazini. Nilikuwa nimetoka chuoni juzijuzi na kupewa dirisha la masjala ya hospitali, mahali ambapo mafaili ya wagonjwa hutolewa na kurudishwa. Nikadhani mama huyu ananiombea dua.

"Kalamu zako jana zilikuwa saba," aliniambia. "Leo naona sita. Inuka kidogo."

Niliinuka. Kalamu ya saba nilikuwa nimeikalia.

Nilibaki mdomo wazi, si kwa sababu ya kalamu, bali kwa sababu jana yake alipita dirishani kwangu kwa muda usiozidi dakika moja, na sikumbuki hata kama tulisalimiana.

Hospitali nzima humwita Sista Hesabu. Amekuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji kwa miaka kumi na tisa, na kazi yake kubwa mle ndani ni kuhakikisha kwamba kilichoingia ndicho kinachotoka. Kabla daktari hajagusa kisu, yeye na mwenzake huhesabu kwa sauti kila kitu kitakachomkaribia mgonjwa: mikasi, makoleo, sindano, na vipande vya shashi, kile kitambaa chepesi cha kufyonzea damu. Idadi huandikwa ubaoni. Kabla tumbo halijafungwa, wanahesabu tena. Ngozi ikishashonwa, wanahesabu mara ya tatu. Mpaka hesabu ilingane, hakuna kitu kinachotoka chumbani, hata pipa la taka.

Tabia hiyo ameibeba mpaka nyumbani. Binti yake wa pili aliwahi kuniambia kwamba kwao chakula cha jioni hakijaisha mpaka vijiko vitimie. Mumewe, dereva wa lori la maji, hupenda kusema mbele ya wageni, "Huyu siku ya posa alinihesabu meno. Nashukuru yalitimia."

Basi mama huyu alikuja dirishani kwangu kila asubuhi, saa moja na nusu, na swali lake lilikuwa lilelile.

"Mwanangu, faili la yule mwashi limetoka?"

Kanuni haziniruhusu kumfungulia faili mtu ambaye hamtibu mgonjwa. Niliruhusiwa kusema limetoka au halijatoka, basi. Faili hutoka pale mgonjwa anaporudi kutibiwa. Katika wiki tano, faili la mwashi lilitoka mara nne. Kila niliposema "Limetoka, Sista," alishika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili, akashusha pumzi, akaenda zake.

Aliyenisimulia kisa chenyewe ni Breki. Huyu ni msukuma machela, mcheshi kupita kiasi, aliyepewa jina hilo kwa sababu machela yake haishiki breki na hulazimika kuizuia kwa goti. Kwa kusukuma wagonjwa kuingia na kutoka chumba cha upasuaji, hakuna kinachompita.

Mwashi huyo alianguka kutoka juu ya jukwaa la ujenzi, bandama ikapasuka. Akakimbizwa ndani damu ikimwagika tumboni. Shashi thelathini ziliingia. Wakati wa kufunga tumbo, zilionekana ishirini na tisa.

"Imepungua moja, daktari," Sista akasema.

"Hesabu tena."

Akahesabu tena. Akamwaga pipa la taka sakafuni, akapekua shuka, akawaambia watu wainue viatu. Ishirini na tisa. Mashine ya picha ya mionzi ilikuwa mbovu wiki ile, hivyo hapakuwa na njia ya kuchungulia. Daktari mkuu wa upasuaji akasema presha ya mgonjwa inashuka, na kwamba hawezi kuacha tumbo wazi kwa ajili ya kitambaa ambacho pengine hakikuwamo kwenye pakiti tangu mwanzo. Akashona. Fomu ya hesabu ina nafasi ya sahihi tatu. Daktari akaandika "imetimia" akasaini. Mtaalamu wa usingizi akasaini. Sista Hesabu akachukua kalamu, akaandika "pungufu moja," akairudisha fomu mezani.

Kesho yake alihamishiwa stoo ya mashuka. Barua ilisema amechoka, macho yake hayako sawa, amevuruga utulivu wa timu, na asubiri kikao cha nidhamu. Mashine ilipotengenezwa aliandika mara mbili akiomba mwashi apigwe picha. Akajibiwa kwamba sahihi mbili zinasema imetimia. Naye mwashi, kila aliporudi analalamika tumbo na homa, alipewa dawa za vidonda vya tumbo.

Nilimsikiliza Breki mpaka mwisho. Maana yake ilikuwa rahisi mno. Ama Sista alikuwa amekosea kuhesabu, ama ndani ya tumbo la baba wa watoto wawili kulikuwa na kitambaa kinachooza.

Wazo la kwenda kuvua lilikuwa la Breki.

"Sista anakunja mashuka mpaka anajikunja mwenyewe," alisema. "Tumtoe nje kidogo. Kaka yake si ndiye mlinzi wa bwawa la maji? Twende Jumamosi tukavue samaki."

"Umewahi kuvua, wewe?" nikamuuliza.

"Nimewahi kuvua viatu. Ni kuvuta tu."

Tukawa wanne: Sista, Breki, mimi, na yule mtaalamu wa usingizi mwenyewe, ambaye wote humwita Mzee Nusukaputi. Ndiyo, yuleyule aliyesaini. Nilishangaa kumwona akipanda gari, na nilishangaa zaidi kumwona Sista akimsogezea kiti na kumwambia, "Kaa mbele, kaka, miguu yako mirefu." Wamefanya kazi chumba kimoja miaka kumi na tisa. Chumba hicho hakina dirisha. Wanaingia asubuhi taa zikiwa zinawaka, wanatoka jioni taa zikiwa zinawaka.

Tulipofika bwawani, Mzee Nusukaputi alisimama ukingoni ameweka kiganja juu ya macho.

"Hii taa nani anaizima?" akauliza, akilitazama jua.

"Ukiiona swichi, mkubwa, nishtue na mimi," Breki akamjibu.

Kaka yake Sista, mzee mfupi mwenye buti za mpira, alitugawia fito nne, mishipi, na kopo la minyoo. Breki alipofunuliwa lile kopo aliruka nyuma hatua mbili.

"Aa, hapana! Hao wanatembea!"

"Wewe si unasukuma maiti kila wiki?" mlinzi wa bwawa akamcheka.

"Maiti wametulia, mzee wangu. Maiti nimesukuma mpaka nimepoteza hesabu."

"Mimi sijaipoteza," Sista akasema taratibu. Tukacheka wote, naye akacheka, na nikagundua kwamba sikuwahi kumwona akicheka.

Kabla hatujafunga chochote, alifungua pakiti ya ndoana na kunivuta mkono. "Mwanangu, utakuwa wa pili wangu. Hesabu na mimi, kwa sauti."

Tulihesabu ndoana ishirini na nne. Akachana kifuniko cha boksi la kadibodi, akaandika "24" kwa kalamu nene, akakiegemeza kwenye jiwe kama ubao wa ukutani. Kaka yake alitikisa kichwa. Alimjua tangu utotoni.

Uvuvi wetu ulikuwa aibu tupu. Breki alirusha mshipi ukanasa kwenye kofia ya mlinzi. Mimi nilivua nyasi. Mzee Nusukaputi, ajabu, alipata samaki wa kwanza, mnene kama kiganja. Akamlaza juu ya majani, akapiga magoti, akaanza kumwangalia mashavu yanavyofunguka na kufungika.

"Anapumua vibaya," akasema.

"Ni samaki, mkubwa. Yuko nje ya maji!"

"Pumzi zinapungua. Tazama, zinapungua." Uso ulimbadilika kabisa. "Miaka ishirini na miwili nalinda pumzi za watu. Leo nikae hapa nimtazame huyu akikata roho?"

Akamchukua kwa mikono miwili na kumrudisha majini. Akafanya hivyo kwa wa pili na wa tatu.

"Nyinyi mmekuja kuvua au kutibu?" mlinzi akauliza.

Breki alikuwa amevua viatu tangu mapema, akitembea peku kwenye tope, akisema ndiyo raha ya nje. Alikunywa maji kupita sisi sote. Dumu la lita tano alilimaliza karibu peke yake, na kila baada ya muda alikimbilia nyuma ya kichaka. Tulimtania kwamba anataka kulijaza bwawa. Sista pekee hakucheka. Lakini wakati huo alikuwa akiandika kwenye kadibodi: ndoana moja imekatikia kwenye magugu, majini. Baadaye nyingine. Mbili zilizopinda alizitia kwenye kikombe cha plastiki.

Saa tisa alasiri tukaanza kufungasha. Breki akauchukua mfuko wa taka aende kuutupa.

"Weka chini," Sista akasema. "Hatujahesabu."

"Sista, ni maganda ya ndizi tu."

"Weka chini, mdogo wangu."

Tukahesabu. Ndoana kumi na tano kwenye pakiti. Nne kwenye mishipi. Mbili kwenye kikombe. Mbili majini. Nilijumlisha kichwani.

"Ishirini na tatu," nikasema.

"Tena."

Tukarudia. Ishirini na tatu. Akamwaga mfuko wa taka kwenye nyasi, akapekua ganda kwa ganda. Akakung'uta mkeka. Akageuza kopo la minyoo, Breki akakimbia. Ishirini na tatu.

"Itakuwa imeingia majini," Mzee Nusukaputi akasema.

"Zilizoingia majini niliziandika."

"Dada, ni ndoana. Bwawa zima hili. Nani ataumia?"

Mlinzi wa bwawa akajikohoza, akasema pakiti za siku hizi haziaminiki, huenda zilikuwa ishirini na tatu tangu mwanzo. Hakujua alichokisema. Sisi wengine tulijua. Lilikuwa karibu neno kwa neno lile la daktari mkuu. Nilimwona Mzee Nusukaputi akitazama chini.

Hapo ndipo Sista alipofanya jambo lililoniogopesha kuliko yote. Aliketi juu ya jiwe, akajishika kichwa, akasema kwa sauti ndogo, "Labda ni kweli. Labda nimekwisha. Labda yule mwashi ana vidonda vya tumbo kama watu wote, na mimi nimemchafua daktari wa watu bure."

Nilitaka kumwambia kwamba nilihesabu naye kwa sauti na zilikuwa ishirini na nne. Lakini nitasema ukweli: dakika ile na mimi niliingiwa na shaka. Watu wazima wakikuambia hujaona, unaanza kuuliza macho yako.

Kisha akainuka ghafla.

"Hatuondoki. Kila mtu akung'ute nguo. Mifuko nje. Viatu nje. Halafu kila mtu apite bombani, aoshe mikono na miguu, mbele yangu."

"Sista, jamani, tumezeeka!" Breki akalalamika, lakini alikwenda wa kwanza, akitembea kwa madaha kama bibi harusi. Akafungua bomba lililo pembeni ya kibanda cha mlinzi, akainua mguu wa kulia. Tope likaanza kushuka.

Mlinzi wa bwawa ndiye aliyepiga kelele.

Ndoana ilikuwa imezama kwenye kisigino, yote, imebaki tundu lake tu na kipande cha mshipi chenye urefu wa kidole. Damu ilianza kutoka pale tope lilipoondoka. Na upande wa mbele wa wayo, chini ya vidole, palikuwa na kidonda kingine, kikubwa kama kifuniko cha chupa, chenye kingo nyeupe, ambacho hakikuwa cha leo wala cha jana.

Breki aliangalia mguu wake kama mtu anayeangalia mguu wa jirani.

"Hiyo imeingia saa ngapi?" akauliza.

Alikuwa ametembea juu ya ndoana ile, ametania, amekimbilia kichakani na kurudi, labda kwa saa nzima, labda mbili.

Mzee Nusukaputi alimshika bega, akamketisha kwenye kiti cha mlinzi. Sauti yake ilikuwa nyingine, ile anayoitumia na wagonjwa.

"Fumba macho, kijana. Nikikugusa useme ndiyo." Akachukua ujani, akamgusa kwenye wayo.

Akamgusa tena, na tena, na tena.

"Anza basi, mkubwa," Breki akasema akiwa amefumba macho. "Nasubiri."

"Nimeshakugusa mara nne."

Breki alifumbua macho. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakutania. Kisha akasema, "Marehemu baba alikatwa mguu kwa sababu ya sukari."

Mzee Nusukaputi alikataza mtu yeyote kuichomoa ndoana pale. Sista aliufunika mguu kwa kitambaa safi, akaufunga vizuri, tukambeba Breki mpaka kwenye gari. Zahanati ya karibu walimtoa tone la damu, wakaweka kwenye kimashine. Muuguzi akasoma namba, akakifuta kimashine, akapima upya. Sukari ilikuwa juu mno kiasi kwamba alishangaa mtu huyu aliwezaje kutembea. Waliitoa ndoana, wakasafisha vile vidonda, wakampeleka kwetu kulazwa. Daktari wa zamu aliyempokea alisema kidonda kile kingekaa ndani ya kiatu wiki mbili nyingine, mguu usingepona. Msukuma machela mwenzake alipokuja kumsukuma kwenda wodini, Breki alishika ukingo wa machela akasema, "Polepole, bwana. Hii haina breki, naijua."

Tukabaki watatu kwenye benchi la nje ya wodi. Sista alifungua kiganja. Alikuwa na ndoana ile ndani ya karatasi ya dawa. Aliiomba kule zahanati.

"Ishirini na nne," akaniambia. Akakunja karatasi, akaitupa kwenye chombo cha vitu vyenye ncha. Hakuonyesha furaha yoyote.

Mzee Nusukaputi akasogea karibu naye kwenye benchi.

"Dada," akasema, "mimi siku ile sikuhesabu. Nilikuwa nimekodolea presha ya mgonjwa. Fomu ilikuja, nikaona daktari amesaini, nikasaini."

"Najua," Sista akasema. "Nilikuona."

Nilidhani nimesikia vibaya. Mzee naye aligeuka kama aliyepigwa kofi.

"Ulijua? Wiki tano zote? Kwa nini hukuliandika kwenye barua zako?"

"Barua zile zilikuwa za shashi. Hazikuwa zako."

Sijawahi kuona mtu mzima akitazamwa vile na asijue pa kuweka uso. Mama huyu alikuwa amekula naye, amemsogezea kiti, amemwita kaka, huku akijua kwamba sahihi yake ndiyo iliyompeleka stoo ya mashuka. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nilidhani maneno hayo yalimhusu Breki peke yake.

Jumatatu asubuhi, kabla sijafungua dirisha, Mzee Nusukaputi alikuwa amesimama nje ya masjala ameshika karatasi. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono, mistari sita. Ilisema kwamba alisaini fomu bila kuhesabu, kwamba muuguzi alikuwa sahihi kutosaini, na kwamba anaomba mgonjwa apigwe picha haraka. Alitaka nakala ikae ndani ya faili, ili isipotee mezani kwa mtu. Nikagonga muhuri wa kupokea. Ukakaa upande.

Mkuu wa hospitali aliisoma akiwa amesimama, wanasema, na hakuketi mpaka alipomaliza kuzungumza na chumba cha picha. Wangempiga mwashi picha siku ileile, lakini alikuwa amesafiri kwenda kwa mama yake kuuguzwa, na basi la kumrudisha linafika Jumatano usiku. Amepangiwa Alhamisi, saa tatu asubuhi, wa kwanza kwenye orodha. Kila kipande cha shashi kimefumwa na uzi mmoja ambao mionzi huuona. Kama upo, utaonekana kama mstari mweupe. Kama haupo, hapatakuwa na kitu.

Leo ni Jumanne. Breki ametuma salamu kutoka wodini kwamba asihukumiwe mtu mpaka yeye atolewe kwa kiti cha magurudumu aje kuona. Mzee Nusukaputi hajala mchana siku mbili. Sista anakunja mashuka kama kawaida. Nilipomuuliza anaomba picha ionyeshe nini, aliniangalia kwa mshangao, kana kwamba nimemtukana.

"Naomba yule kijana apone, mwanangu. Unadhani naombea kitambaa kiwemo tumboni mwake?"

Niliona aibu, kwa sababu ndicho nilichokuwa nakiombea.

Saa nane mchana simu ya masjala ililia. Sauti ilikuwa ya mwanaume, imechoka, inasimama katikati ya maneno ili kuvuta pumzi. Alikuwa mwashi. Aliniuliza kama siku ya picha anaruhusiwa kunywa chai kabla ya kuja, maana kutoka kwake hadi hospitali ni mbali na tumbo likiwa tupu linamuuma zaidi. Nilimwambia asubiri, nikakimbia kuuliza chumba cha picha, nikarudi nikihema.

"Njoo bila kula," nikamwambia. "Saa tatu kamili. Tafadhali usichelewe. Tunakusubiri."